Mji wa Kesho ni wa Nani?

Siku hizi habari za miji ya kesho zaenea kila mahali. Hata sisi wa Mangina, tulio kilometa kama 30 magharibi ya Beni, katika njia iendayo Mambasa, twaziona picha zake katika simu za vijana: majumba ya vioo, barabara pana zisizo na tope, taa nyingi, bustani za majani mabichi. Chini ya picha mara nyingi pameandikwa mwaka: 2030, 2040, 2050. Vijana hutazama, huguna, kisha huuliza, "Na sisi lini?"

Swali lao ni la haki, wala hatulicheki. Lakini kabla ya kuuliza lini, yafaa tuulize neno jingine: mji ule wa katika picha umechorwa kwa ajili ya nani? Maana mchoro wa mji ni kama kitabu. Una mambo unayoyasema, na una mambo unayoyanyamazia. Naye msomaji mwenye akili huyatafuta hasa yale yaliyonyamaziwa. Basi twataka kuisoma hapa michoro michache iliyofanyika kweli, katika nchi yetu na kwa jirani zetu, na kuipima kwa haki, tukisifu cha kusifiwa. Kisha tutarudi kwetu, kwa sababu Mangina nayo, tupende tusipende, inageuka kuwa mji.

MAMA WA SOKONI HAYUMO

Tuanze na Kinshasa. Yapata mwaka 2008 ilianza huko kazi ya kujenga mtaa mpya kandokando ya mto Kongo, uitwao Cité du Fleuve, maana yake Mji wa Mto. Mchanga ulinyonywa toka mtoni, ukamwagwa penye maji na matete, hata pakawa nchi kavu. Na juu yake zikajengwa nyumba za kuuza na za kupangisha. Kazi yenyewe si haba. Kufanya nchi kavu mahali pa maji ni ufundi mkubwa, tena kweli Kinshasa ina njaa ya nyumba.

Lakini itazameni picha yoyote ya mji wa namna hii, mkawahesabu watu waliomo. Ni wachache, nao hutembea mikono mitupu. Hamtamwona mama mwenye beseni la mikate kichwani. Hamtamwona mtu afuaye nguo, wala mtoto aendaye shule kwa miguu, wala mgonjwa anayebebwa, wala watu watokao maziko. Je, katika nyumba zile nguo hazitafuliwa? Zitafuliwa. Huyo afuaye atatoka wapi asubuhi, na jioni atalala wapi? Hapo mchoro unanyamaza. Sisi twajua jibu: atalala mbali, katika mtaa usio na mchoro, naye atapoteza saa nyingi njiani kila siku. Mji hauwezi kuishi bila yeye, walakini hakuchorewa hata chumba kimoja.

Na yale maji waliyoyashinda kwa mchanga, upande wa pili wa mji yaliwashinda watu. Mwezi wa Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100 katika Kinshasa. Nyumba zilibomoka, vilima vikaporomoka, na barabara ya taifa namba 1, iendayo Matadi, ikakatika. Hatusemi kwamba mtaa ule mpya ndio uliowaua; la, hasha. Twasema hivi: kwa miaka mingi vilima viligawanywa viwanja, na mabonde yakagawanywa viwanja, wala hapakuwa na mtu wa kulinda njia za maji. Nguvu ya kuhamisha mchanga wa mto ilipatikana kwa ajili ya wenye fedha. Nguvu ya kuchimba mifereji kwa ajili ya wengine haikupatikana. Hapo ndipo kosa.

KIPIMO CHA HOFU

Kosa hilo lina wazee wake. Wakati wa Wabelgiji, wapimaji wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walitenga mji wa Wazungu na mtaa wa watu weusi kwa ukanda mtupu wa mamia ya meta. Udhuru wao ulikuwa mbu wa malaria. Katika Léopoldville ukanda wa namna hiyo uliwekwa uwanja wa gofu, bustani ya wanyama na bustani ya miti. Mafundi wale walijua kupima vizuri sana. Ila kipimo walichopewa kilikuwa hofu.

Baadaye, mwaka 1952, iliundwa ofisi ya kujenga mitaa ya Waafrika, iliyoitwa OCA. Hiyo ilijenga maelfu ya nyumba katika miji mikubwa. Na kule Bukavu, mitaa ya Kadutu na Bagira ni ushuhuda wa kazi yake. Tusiwe wachoyo wa sifa: watu wamekaa katika nyumba zile vizazi kadhaa. Lakini aliyechora hakumwuliza mwenye kukaa. Hakumwuliza bibi atalala wapi, wala mgeni atapokewa wapi, wala mkaa utawekwa wapi. Wakaaji walijibu wenyewe baadaye, kwa kuongeza chumba hapa na kibanda pale. Mtu asiyeulizwa mwanzoni hujibu mwishoni, na jibu lake laharibu mchoro.

WALIONGOJA KIGAMBONI

Mtu aweza kusema: hayo yalikuwa ya wakoloni, tukijitawala tutachora vizuri. Basi tuvuke hadi Dar es Salaam, katika Tanzania iliyojitawala zamani, tutazame Kigamboni, ng'ambo ya bandari.

Mwaka 2008 serikali ya huko ilitangaza kwamba Kigamboni itajengwa mji mpya wa kisasa. Nia haikuwa mbaya. Dar es Salaam hukua upesi sana, na ni heri kupima mapema kuliko kubomoa baadaye. Lakini pale Kigamboni hapakuwa patupu. Walikuwako wakulima, wavuvi, watu wenye viwanja vyao na nyumba zao. Wakakatazwa kuendeleza maeneo yao mpaka mpango utakapoanza. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Mwenye nyumba asijue kama aongeze chumba au ahame. Mwenye shamba asijue kama apande mnazi utakaozaa baada ya miaka kadhaa au asipande. Mikutano ikafanyika, manung'uniko yakazidi, malipo ya fidia yakabishaniwa. Mwishowe ofisi iliyowekwa kuujenga mji ule ilivunjwa, na mji wa katika picha haukujengwa.

Tena tazameni ajabu: mwaka 2016 daraja la Kigamboni lilifunguliwa, na watu wakavuka, wakajenga, wakafungua maduka. Mji ulikuja wenyewe kwa njia ya daraja, yaani kwa njia ya haja ya watu ya kuvuka kwenda kazini na kurudi nyumbani.

Twajifunza nini? Kwamba mpango waweza kumwumiza mtu hata kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mtu maskini mali yake kubwa ni miaka yake. Ukimzuia miaka mingi asijenge wala asipande, umemnyang'anya, ingawa hukuchukua hata shilingi moja mfukoni mwake.

MFEREJI WA HANNA NASSIF

Katika Dar es Salaam hiyohiyo uko mfano mwingine, usiojulikana sana, nao watupendeza zaidi. Ni mtaa wa Hanna Nassif, katika Kinondoni. Mtaa ule ulijengwa bila kupimwa, tena karibu na bonde, na kila masika maji yaliingia nyumbani mwa watu. Katika miaka ya 1990 wakaaji waliunda kamati yao. Walipata msaada wa Umoja wa Mataifa na wa wataalamu wa chuo cha ardhi; lakini wao wenyewe walieleza maji hupita wapi, na wao wenyewe, wanaume na wanawake, walifanya kazi ya kuchimba na kujenga mifereji, wakilipwa ujira. Njia zikatengenezwa pia. Nyumba zilizobomolewa zilikuwa chache sana, kwa kuwa njia ya mfereji ilitafutwa kwa kutembea mtaani pamoja na wenye nyumba.

Mchoro wa Hanna Nassif hauwezi kupendeza katika simu ya kijana. Nani atapiga picha ya mfereji? Lakini mama aliyekuwa akiinua kitanda juu ya matofali kila masika, yeye ndiye mwamuzi wa kweli wa kazi ile. Tofauti yake na Kigamboni si wingi wa fedha tu. Kigamboni walianza na picha, wakawatafutia watu mahali pa kwenda. Hanna Nassif walianza na taabu moja ya watu, wakaitafutia dawa.

BUTEMBO, MJI WA MIKONO YETU

Sasa turudi jimboni mwetu. Kila mtu ajua kwamba Butembo ulijengwa na watu wake. Ni wafanyabiashara walioleta bidhaa kutoka mbali, wakajenga maduka na nyumba za ghorofa, bila kungoja mkono wa Serikali. Hayati Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wetu tangu mwaka 1966 hata mwaka 1997, aliwahimiza watu kwa salongo watengeneze barabara. Na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Graben kikaanza. Yeyote asemaye kwamba sisi watu wa huku hatuwezi kujenga mji, na aende Butembo akatazame.

Lakini sifa isitufumbe macho. Ukipanda kilima kimoja cha Butembo ukatazama chini, utaona jambo. Nyumba ni nzuri, nyingine nzuri sana. Lakini kati ya nyumba na nyumba mna nini? Njia nyembamba, korongo lililochimbwa na mvua, kijito kilichobanwa na kuta pande mbili. Mtu mmoja kwa fedha yake aweza kujenga nyumba bora. Hawezi kujenga njia ya maji peke yake, kwa sababu maji hupita kwa jirani. Hawezi kujenga soko peke yake, wala makaburi. Mikono iliyojenga Butembo ilikuwa na nguvu kila mmoja kwenye kiwanja chake. Mahali pa wote palikosa mwenyewe.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye neno tunalotaka kulisema. Mji haupimwi kwanza kwa vitu vilivyojengwa. Hupimwa kwa vile vilivyokataliwa kuuzwa. Chemchemi, njia, bonde la maji, uwanja wa shule, soko, makaburi: hivyo vikilindwa mwanzoni, hata nyumba za udongo hufanya mji wa watu. Hivyo vikiuzwa, hata majumba ya vioo hayawezi kuurudisha.

NA SISI WA MANGINA?

Mangina imekwisha pewa cheo cha komini ya kijijini. Watu waongezeka, viwanja vyauzwa kila juma, na bei yapanda. Haja zetu ni zipi? Hatuna haja ya mtaalamu wa mbali kuja kutuambia, kwa maana tulifundishwa kwa uchungu.

Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia, na jina la Mangina likasomwa katika redio za dunia nzima. Ugonjwa ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika mikoa ulikofika walihesabiwa wagonjwa 3,470, nao waliokufa 2,287. Siku zile tuliambiwa tunawe mikono, na neno lilikuwa la kweli. Ndoo zenye bomba ziliwekwa mbele ya makanisa, mashule na maduka. Lakini maji ya kujaza zile ndoo yalitoka wapi? Yalitoka kichwani mwa akina mama na wasichana, waliopanda nayo kutoka bondeni. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba chemchemi ni sehemu ya hospitali. Mtu akiuza kiwanja juu ya chemchemi, na mnunuzi akachimba choo chake pale, wameuza afya ya mtaa mzima, ingawa karatasi zao ziko sawa.

Haja ya pili ni njia za miguu. Wengi wetu hatuna gari, wala si kila mtu aweza kulipa pikipiki. Njia ya mtaa ipimwe kwa machela: je, watu wanne waliobeba mgonjwa waweza kupita usiku, wakati wa mvua, bila kumwangusha? Kama hawawezi, hiyo si njia. Tena katika nchi yetu hii, ambapo tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameuawa kwa mapanga na risasi, njia iliyozibwa na ukuta yaweza kuwa mauti ya familia nzima inayokimbia.

Haja ya tatu ni kakao. Watu wa mbali wachorapo mji, hufikiri kwamba mkulima atakoma kuwa mkulima. Mangina huishi kwa kakao, na kakao yataka uwanja wa kuanikwa. Leo huanikwa juu ya turubai mbele ya nyumba na kando ya barabara, katika vumbi la magari, mtoto akiilinda badala ya kwenda shule. Uwanja wa kuanikia kwa kila mtaa, wenye ua na mlinzi, si anasa. Ni kiwanda chetu.

Haja ya nne ni mahali pa wageni. Vijiji vya jirani vinaposhambuliwa, watu hukimbilia kwetu; na ziko siku ambazo Mangina yenyewe ilikimbia. Wengi wa wakimbizi hawakai kambini: hupokewa katika familia, na nyumba iliyojengwa kwa watu sita hulaza kumi na wawili. Huo ni upendo mkubwa. Lakini choo ni kilekile kimoja, na maji ni yaleyale. Mji wetu ukipimwa kana kwamba kila nyumba ina watu sita, utakuwa umepimwa kwa uongo. Wala jambo hili si la Mangina peke yake. Goma ilipotekwa Januari 2025, serikali ya mkoa ilihamia Beni, na pamoja nayo watu wengi. Kwa hiyo bei ya ardhi katika pande hizi haiwezi kungoja amani.

WAPO WATAKAOBISHA

Wengine watasema: "Watu wanauawa, ninyi mwazungumza habari za viwanja! Amani kwanza, mji baadaye." Twawaelewa. Ila twawaomba watazame jinsi mambo yaendavyo. Ni wakati wa vita hasa ndipo ardhi huuzwa upesi. Akimbiaye huuza rahisi; aliyebaki hununua na kuzungusha ua; na mwenyeji akirudi hukuta njia yake ya kwenda mtoni imekuwa jiko la mtu. Amani itakapokuja itakuta mji umekwisha katwa vipande. Na ugomvi wa mipaka, twajua sote, ni mbegu ya vita vingine.

Wengine watasema hakuna fedha. Lakini kuacha mahali pasiuzwe kwataka fedha gani? Gharama kubwa ni kununua tena mahali palipokwisha uzwa na kujengwa.

Neno la tatu ni gumu zaidi: nani mwenye amri? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema ardhi ni mali ya Serikali. Walakini huku kwetu machefu wa ardhi hugawa kama walivyogawa babu zao, na ofisi za Serikali nazo hutoa karatasi. Hivyo kiwanja kimoja chaweza kuwa na wenyewe wawili, wote wakiwa na ushahidi. Mapatano ya upande mmoja hayatalinda chemchemi hata moja. Yafaa chefu, mkuu wa komini na wazee wa mtaa wapite pamoja kwa miguu, mchana, mbele ya watu, waonyeshe: hapa hapauzwi. Na katika msafara huo wasiwe wanaume wenye viwanja peke yao. Awepo mama achotaye maji, kwa kuwa yeye aijua njia kuliko mpimaji. Awepo muuguzi. Wawepo vijana wa pikipiki. Awepo mpangaji na mkimbizi, wasio na kiwanja, maana mahali pa wote ndiyo mali pekee waliyo nayo.

Kisha ipandwe miti ya mpaka kuzunguka kila mahali palipotengwa, na mapatano yaandikwe katika vitabu viwili, kimoja kwa chefu, kimoja katika ofisi ya komini, yakasomwe sokoni siku ya soko. Kazi hii mtaa mmoja waweza kuimaliza kwa siku chache kabla mvua kubwa hazijaanza. Vijana wanaouliza "lini" wapewe wao kamba za kupimia na miche ya kupanda, waanze na ile chemchemi iliyo karibu zaidi na viwanja vinavyouzwa sasa.